Brashi, wino na maboksi ya Kariakoo
Maboksi ya mzigo Kariakoo yamejaa Kichina, unaweza kudhani darasa ni la bure. Shida ni kwamba herufi iliyochapwa haikuonyeshi mkono ulianzia wapi, na kwenye brashi kazi ipo hapohapo. Kanuni: juu kabla ya chini, kushoto kabla ya kulia, mlalo kabla ya wima.

Chukua 国, yaani nchi. Ni kama fremu ya duka: panga mzigo wote ndani, ndipo ufunge, mstari wa chini unakuja mwisho kabisa.

Mazoezi anza na 永, milele, yenye mistari minane ya msingi. Karatasi? Gazeti la jana. Nasomea ualimu, ila mwalimu mkali kama gazeti sijamwona: brashi ikisita kidogo tu, doa.