Umepewa maiki siku ya mahafali? Njoo tuongee

Wadogo zangu wa kidato cha nne, msimu wenu umefika na ujumbe wenu unafanana. Mmoja kachaguliwa kusoma risala, mwingine kapewa kazi ngumu zaidi: kuaga kwa utani. Yaani asimame mbele ya mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu na wazazi, awachekeshe wote, halafu usiku alale bweni lilelile chini ya matroni yuleyule.

Wa risala simwonei huruma. Risala ya mahafali inajiandika yenyewe. Tulianza kidato cha kwanza tukiwa wengi, leo tunahitimu pungufu, upungufu umetokana na uhamisho na utoro. Mafanikio ni haya, changamoto ni walimu wa sayansi, maji na uzio. Mgeni rasmi anatikisa kichwa, anaahidi mifuko ya saruji, makofi yanapigwa. Kwisha.

Wewe wa utani ndiye mtu wangu leo. Kwanza angalia kalenda. Sisi huku tunaagana kabla ya mtihani. Keki inakatwa Septemba au Oktoba, NECTA ni Novemba, na hapo katikati mwalimu wa Hesabu uliyemwiga jukwaani ndiye atakayekusahihishia pepa za majaribio. (Wa kidato cha sita mnaongoja Mei, haya yanawahusu nanyi, ila ninyi mbele yenu kuna JKT, na afande hana kipindi cha kuaga kwa utani.)

Mmoja wenu ameniuliza, "Dada, nimwige mwalimu wa nidhamu?" Mwige! Mahafali bila mwalimu wa nidhamu ni kikao cha wazazi. Lakini mwige kwa vitu alivyojichagulia mwenyewe: filimbi yake, ile "nahesabu mpaka tatu" ambayo tatu yake haifiki, ule mtindo wa kutokea nyuma ya bwalo wakati wote mmeapa yuko mjini. Kigugumizi chake, kimo chake, ndoa yake na shati lake moja la Ijumaa viache. Hakuvileta shuleni ili mcheke.

Halafu mfuate ofisini siku chache kabla, umwambie, "Mwalimu, nimekuweka kwenye utani, naomba usikilize." Usiogope kuharibu siri. Walimu wanajua mnavyowaita. Majina hayo mliyarithi kwa kidato kilichowatangulia, na mwenye jina kashayasikia dirishani zamani. Wengi wakishasikia kipande chao watakuongezea kingine kizuri kuliko chako, na siku yenyewe watakaa mstari wa mbele.

Utani tunao tangu kwa mababu, na una utaratibu wake. Mnyamwezi na Mzaramo wanataniana, Mngoni na Mhehe vilevile, hata msibani mtani anaweza kuja kufanya vituko wafiwa wakacheka na machozi yao. Anayetaniwa leo, kesho zamu ni yake. Kwa hiyo kila jina ulilonalo kwenye karatasi, jiulize: huyu akipewa maiki baada yangu, anaweza kunijibu? Mkuu wa shule anaweza, tena atafanya hivyo kwa furaha kwenye hotuba yake. Kaka mkuu anaweza. Mpishi hawezi, yuko jikoni anapakua pilau la wageni. Basi tania maharage, yale yaliyokuja na nyama ambayo haikuwa kwenye ratiba, na makande ya Jumatano yaliyohitaji fundi, ila mama wa jikoni mshukuru kwa heshima zote.

Na kile kipengele cha "upungufu" kwenye risala, tafadhali, wewe usikigeuze kichekesho. Kila mwaka kuna mchekeshaji anayedhani binti aliyeacha shule kwa ujauzito ni mada. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana hao kurudi darasani baada ya kujifungua. Anaweza kuwa amekaa na kidato cha tatu, safu ya nyuma, sare imepigwa pasi, anakusikiliza.

Sasa utamu. Mambo ya kuchekesha mnayo bila kumgusa mtu, na yamo kwenye fomu ya kujiunga. Kumbukeni ile orodha: ndoo, jembe, fyekeo, fagio, godoro, rimu ya karatasi. Andikeni wosia. Fyekeo langu, ambalo kwa miaka minne halijawahi kukutana na jani, namwachia kidato cha tatu yeyote mwenye ujuzi wa kulitunza lisichakae. Ndoo yangu iliibwa muhula wa kwanza. Aliyenayo aendelee nayo, tumemsamehe, ila arudishe mfuniko. Kitanda cha juu kinachopiga kelele kiende kwa anayesinzia prepu, kwani hapo hatalala tena. Tranka langu lililopekuliwa kuliko mizigo ya mpakani lisitiriwe kwa heshima. Ile nafasi chini ya mwembe, ambapo hakuna mwalimu wa zamu aliyewahi kutukuta, haitajwi mahali ilipo. Warithi waitafute wenyewe, kama tulivyoitafuta sisi.

Hapo kila mmoja atacheka, hata mzazi, maana ndiye aliyenunua hilo fyekeo.

Risala isomwe kwa Kiingereza kama shule inataka. Utani uwe wa Kiswahili, wala usiujaze misemo ya bwenini. Bibi ametoka kijijini na basi la alfajiri. Akiona ukumbi mzima umeanguka kwa neno asilolijua, atamgeukia jirani yake amtafsirie, na jirani ni mchungaji.

Dakika tano zinatosha. Omba usimame kabla ya harambee, kwa sababu mzazi akishachangishwa hacheki tena. Shika maiki mbali kidogo na mdomo, na spika ikianza kulia, nyamaza mpaka fundi amalize. Watu wakicheka, ngoja. Wasipocheka, usiwaelezee, songa mbele. Kipande cha mwalimu wa nidhamu kiweke mwisho kabisa. Ukishatamka tu "nahesabu mpaka tatu", mpe yeye maiki amalizie.