Holsta ya Kila Siku: Anza na Triga

Mtu anapopata cheti cha kumiliki bastola kutoka kwa Bodi ya Leseni za Silaha hapa Kenya, huwa ameshatumia muda mrefu kulinganisha bastola zenyewe. Achukue Glock au CZ? Ndogo au ya wastani? Magazini inabeba risasi ngapi? Holsta huinunua siku ya mwisho, kwa haraka, mara nyingi ile ya kwanza aliyooneshwa na muuzaji. Hapo ndipo mambo huharibika. Bastola yoyote ya kiwanda chenye sifa itakutumikia vizuri, lakini holsta mbovu inaweza kukusababishia risasi ya paja ukiwa unaketi tu kwenye gari.

Makala haya ni ya mwenye leseni halali, aliyefunzwa kutumia silaha yake, na ambaye huibeba chini ya nguo kuanzia asubuhi hadi usiku. Wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza kama holsta itafichika. Mimi nasema swali hilo lingoje. Uliza kwanza kama inailinda triga, kisha kama inaishika bastola, kisha kama unaweza kuirudisha bastola ndani kwa mkono mmoja bila kupapasa. Ikishindwa hata moja kati ya hayo, haina faida kwamba imefichika.

Tuanze na triga. Glock, tangu ilipotoka mwaka 1982, haina kitufe cha usalama cha nje cha kubonyeza kwa dole gumba. Vizuizi vyake vyote viko ndani na kwenye triga yenyewe, na bastola nyingi za kubebwa zilizokuja baadaye zimefuata mpango huohuo. Triga yake huvutika kwa uzito wa takriban kilo 2.5. Kidole kinaweza, na ncha ya shati iliyokunjamana nayo inaweza. Ndiyo maana kwa bastola za aina hii holsta huhesabiwa kuwa sehemu ya usalama wa silaha. Ni lazima ifunike tundu lote la triga, kushoto na kulia, kwa kitu kigumu kisichobonyea.

Jaribio lake ni rahisi. Toa magazini, vuta slaidi nyuma, tazama chemba kwa macho na uiguse kwa kidole mpaka uhakikishe hamna risasi. Risasi zote zipeleke chumba kingine. Sasa ingiza bastola kwenye holsta, elekeza mdomo wake kwenye ukuta imara usio na mtu nyuma yake, na ubonyeze holsta kutoka nje, pale triga ilipo, kwa dole gumba na kwa nguvu. Ukihisi triga inasogea, au ukisikia mlio wa bastola kufyatuka ikiwa tupu, irudishe dukani. Zile holsta laini za nailoni zinazouzwa kwa madai kwamba zinaingia bastola ya aina yoyote huanguka hapa karibu zote. Kitu kilichoshonwa kitoshe kila bastola hakiwezi kuitosha vizuri hata moja.

Ngozi iliyochoka ina hatari hiyohiyo. Mwaka 2011 kisa kimoja kilisomwa sana na wabeba bastola huko Marekani: holsta ya ngozi ilikuwa imelainika kwa miaka, mdomo wake ukafanya kunjo lililoingia ndani ya tundu la triga. Mwenyewe alipokuwa anaketi kwenye gari, kunjo lile likaivuta triga. Hakuwa ameigusa bastola. Kwa hiyo ukiwa mpenzi wa ngozi, pitisha kidole kwenye mdomo wa holsta yako mara kwa mara. Siku utakapoona unainama ndani, imekwisha kazi.

Kama una CZ P-07 au bastola nyingine yenye nyundo ya nje na kifaa cha kuishusha, una msaada mmoja wa ziada: shusha nyundo kwa kifaa chake, kisha weka dole gumba juu ya nyundo unaporudisha bastola kwenye holsta. Kitu kikiivuta triga, utahisi nyundo inainuka na utasimama.

Hili la kurudisha ndilo ambalo wauzaji hawalizungumzii, nao ndio wakati wa hatari kuliko wote. Kutoa bastola hufanywa kwa haraka ikiwa kuna sababu. Kurudisha hakuna haraka hata kidogo. Mdomo wa holsta lazima ubaki wazi bastola ikishatoka. Ukijifunga, utalazimika kuufungua kwa mkono wa pili, na hapo mdomo wa bastola utapita mbele ya vidole vyako mwenyewe. Kaza macho kwenye holsta, inua shati juu mpaka kifuani, weka kidole cha shahada kimenyooka ubavuni mwa bastola, ingiza polepole, na ukihisi kitu kinakwama, simama utazame. Jihadhari na koti la mvua lenye kamba za kukazia kiunoni. Kijifundo cha plastiki kilicho mwishoni mwa kamba hiyo kinatosha kabisa kuingia kwenye tundu la triga.

Fikiria pia hali ambayo hakuna anayeiombea. Tarehe 21 Septemba 2013, shambulio la Westgate lilipoanza, raia wenye leseni walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuingia kuokoa wengine. Polisi anayefika mahali pa namna hiyo humwona mtu aliyevaa kiraia akiwa na bastola mkononi, na hana njia ya kujua ni nani. Mtu huyo anahitaji kuiweka silaha yake mahali salama mara moja, kwa mkono mmoja, na kuionesha mikono yake. Holsta inayojifunga haimpi nafasi hiyo.

Kuhusu kushika: bastola ikiwa bado tupu na umeihakikisha tena, iweke kwenye holsta, ipindue juu ya godoro na uitikise. Haitakiwi kutoka. Zile ngumu za Kydex, plastiki inayolainishwa kwa joto na kufinyangwa kwa umbo la bastola mahususi, hushika kwa kubana tundu la triga na huwa na skrubu ya kukaza au kulegeza. Kaza kiasi cha kuifanya isitoke kwa mtikiso lakini itoke kwa mvuto mmoja wa mkono. Kuna holsta za nje ya suruali ambazo hufunguka kwa kitufe kinachobonyezwa na kidole cha shahada. Siziungi mkono. Kidole kilichokuwa kikibonyeza kwa wasiwasi huendelea kubonyeza bastola inapotoka, na hutua kwenye triga. Baadhi ya vituo vya mafunzo Marekani vilizikataza kwa sababu hiyo.

Sasa mahali pa kuibeba. Kwa kazi ya kila siku mjini, holsta ya ndani ya suruali hufichika kuliko ya nje, kwa kuwa pindo la shati halihitaji kufunika mtutu, ni mpini peke yake. Mpini ndio unaosaliti. Glock 19 ina urefu wa takriban milimita 185, lakini urefu huo umelala chini kwenye suruali na hakuna anayeuona. Kinachochomoza nyuma ya shati ni kisigino cha mpini. Kwa hiyo ukiwa na tatizo la kuficha, usikimbilie kununua bastola fupi. Tafuta holsta yenye bawa dogo ubavuni, ambalo husukumwa na mshipi na kuugeuza mpini uelekee mwilini. Kipande hicho kidogo hufanya kazi kubwa kuliko koti pana.

Upande wa mkono wenye nguvu, nyuma kidogo ya mfupa wa nyonga, huwafaa watu wengi, hasa wanaovaa koti au shati la kuning'inia. Ubaya wake ni kwamba ukiinama kufunga kamba za viatu, mpini huchora umbo lake mgongoni. Mbele, kati ya kitovu na nyonga, hufichika vizuri zaidi na mikono yako miwili inaifikia, na kwenye umati wa Tom Mboya Street jijini Nairobi ni rahisi kuilinda dhidi ya mkono wa mtu. Lakini hapo mdomo wa bastola unaelekea kwenye kinena na mshipa mkubwa wa damu wa paja. Nawashauri wanaoanza wasianzie hapo. Anayechagua mbele na azoee kuingiza bastola kwenye holsta kabla ya kuivaa, kisha aivae yote kwa pamoja, na akilazimika kuirudisha akiwa ameivaa, aegemee nyuma kidogo ili nyonga zitangulie na mdomo uelekee mbali na mwili.

Katikati ya mgongo, usiweke. Ukianguka chali unaangukia chuma juu ya uti wa mgongo. Holsta ya kwapani mara nyingi huelekeza mdomo kwa mtu aliye nyuma yako, na ya kifundo cha mguu hukulazimisha kuchutama. Mashindano ya bastola ya IDPA, ambayo yameigwa kwa makusudi kutoka kwenye ubebaji wa kila siku, hayaruhusu hizo tatu.

Wanawake huuzwa mikoba kabla ya kuulizwa wanavaa nini. Mkoba hunyakuliwa, huwekwa chini ya kiti, huachwa kwa rafiki, na watoto huupekua wakitafuta peremende. Kwa anayevaa dera au buibui, mkanda mpana wa tumbo ni bora, mradi ndani yake kuna ganda gumu linalofunika triga. Mkanda wa kitambaa peke yake hautoshi. Ikiwa hakuna njia isipokuwa mkoba, basi uwe na chumba chake pekee, chenye holsta iliyofungwa humo, na mkoba usitoke begani.

Mshipi ndio nusu ya holsta, na nusu hii watu huinyima pesa. Glock 19 yenye magazini iliyojaa ina uzito wa karibu gramu 850. Mshipi wa kawaida wa suti huupokea uzito huo kwa kupinda. Mpini huinama nje, suruali huteremka, na mwenyewe hushinda siku akiipandisha kiunoni. Kila mwenye macho anajua maana ya mtu anayeshika nyonga yake mara kumi. Nunua mshipi wa upana wa karibu sentimita 4, usiopinda ukiushika kwa ubavu, na suruali iliyoongezwa saizi moja.

Mafundi wetu wa ngozi wanaweza kuutengeneza vizuri. Pale Kariokor, Nairobi, fundi atakushonea tabaka mbili kwa uzi mnene ukimweleza unachotaka. Ukitaka akutengenezee na holsta, taja ngozi ngumu iliyotengenezwa kwa maganda ya miti kama muwati, wala si ile laini ya makoti, ambayo dawa zake huweza kutia chuma kutu. Hapo kuna jambo la sheria: usimwachie fundi bastola yako. Hana leseni nayo. Mpelekee umbo la mbao lililochongwa kwa vipimo vya bastola yako, alaze ngozi iliyolowa juu yake.

Ukishachagua, kaa nayo nyumbani siku kadhaa bastola ikiwa tupu kabla ya kutoka nayo. Endesha gari na uone kama mkanda wa kiti unaziba mpini. Inua mtoto, piga magoti, fikia kabati la juu jikoni. Nenda chooni, kwani hapo ndipo silaha husahaulika: bastola isitoke kwenye holsta, isiwekwe juu ya tangi la maji wala kutundikwa mlangoni, ibaki kwenye suruali iliyoshushwa, ndani ya pindo, mbele ya macho yako. Holsta ikikuchoma mbavu saa tatu za kwanza, rekebisha mwinuko na mlalo wake kwa skrubu. Ikiendelea kukuchoma, tafuta nyingine, maana holsta inayoumiza huishia kuachwa kwenye gari pamoja na bastola, na gari likivunjwa silaha imeenda.

Kuna jambo jingine la maisha ya Nairobi na Mombasa. Mlango wa jengo la maduka, benki au mahakama una mlinzi na mashine. Mwambie kwa sauti ya chini kwamba una silaha na leseni, onesha kadi, usiguse nguo wala kiuno. Ukitakiwa kuikabidhi, holsta yenye klipu imara hutoka pamoja na bastola ikiwa ndani, triga imefunikwa muda wote. Kwa sababu hiyo napendelea klipu kuliko vitanzi vinavyokulazimu kuvua mshipi.

Jioni fanya vivyo hivyo: vua holsta na bastola kwa pamoja, weka kwenye sefu, funga. Ukiwa pwani, futa bastola kila siku kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, kwa kuwa jasho na chumvi ya hewani hula chuma haraka, na toa uchafu na nyuzi za nguo chini ya holsta. Skrubu hulegea kwa mtembeo. Zikague kila wiki na utie tone la gundi ya skrubu. Kydex usiiache juu ya dashibodi juani, itapinda. Na holsta iliyopasuka, iliyolainika au ambayo klipu yake imevunjika, usimpe rafiki wala usiitunze kwa dharura. Ikate vipande viwili ndipo uitupe.