MANENO YA BARAZA NA MANENO YA FARAGHA KATIKA KULINDA MTO

Utangulizi

Ubaruku ni kata ya Wilaya ya Mbarali, mkoani Mbeya, katika uwanda wa Usangu. Mto Mbarali hushuka kutoka Nyanda za Juu Kusini, hupita Igawa chini ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia, kisha huingia uwandani, ambako maji yake hugawanywa kwa mifereji. Katika miaka ya 1970 lilijengwa huko shamba kubwa la mpunga kwa msaada wa Jamhuri ya Watu wa China, na kandokando yake wakulima wadogo wamefungua majaruba yao. Maji yanayobaki huungana na yale ya Ruaha Mkuu na ya mito mingine ya Usangu, hupita katika ardhi oevu ya Ihefu, huvuka Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na hatimaye hufika kwenye mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu.

Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu, katika sehemu iliyomo ndani ya hifadhi, umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi. Ili kupunguza hasara hiyo na magomvi yaletwayo nayo, wananchi wa Usangu wameunda jumuiya za watumia maji, ambazo zinatambuliwa na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Wanakamati wa jumuiya za namna hii aghalabu ni watu wa kujitolea. Hawana askari wala mahakama; chombo chao kikubwa ni mazungumzo. Kwa hiyo hawana budi kujua ni jambo gani lisemwe mbele ya watu wote, na ni lipi lizungumzwe kwanza na wachache. Makala hii inachunguza suala hilo.

Mazungumzo na mali ya pamoja

Mwaka 1968 mwanabiolojia Garrett Hardin wa Marekani alieleza kwamba mali itumiwayo na wengi huelekea kuharibika, kwa kuwa kila mtu hupata faida yote ya kile achukuacho, lakini hasara hugawanywa kwa wote. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2009, alionyesha kwamba mwisho huo si wa lazima. Katika kitabu chake cha mwaka 1990 alichambua jamii za wavuvi, wafugaji na wakulima wa umwagiliaji zilizotunza mali zao kwa muda mrefu. Miongoni mwa mambo aliyoyakuta ni haya: wakaguzi waliwajibika kwa watumiaji wenyewe, adhabu zilianza ndogo na kuongezeka kadiri kosa lilivyorudiwa, na palikuwa na mahali pa kusuluhishia ugomvi upesi na kwa gharama ndogo.

Mwaka 1992 Ostrom, pamoja na James Walker na Roy Gardner, walichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanywa maabarani. Washiriki walipewa mali ya pamoja ya kuvuna. Walipozuiwa kusemezana, walivuna kupita kiasi na faida ya wote ikashuka. Waliporuhusiwa kuzungumza ana kwa ana, faida ilipanda sana, ijapokuwa hapakuwa na mtu wa kuwashurutisha kutimiza ahadi zao.

Hata hivyo, pana tofauti kati ya maabara na mto. Washiriki wa maabara hukaa chumba kimoja na hupewa hesabu ileile. Mkulima wa mwisho wa mfereji hulioni banio lililo kilomita nyingi juu yake. Huona tu kwamba maji yamepungua, na sababu huipata kwa kubahatisha au kwa kusikia. Hapo ndipo uvumi huanza.

Mambo yanayotakiwa kuwa wazi

Jambo la kwanza linalopaswa kuwekwa wazi ni kipimo. Kiasi cha maji kinaweza kupimwa hata na wanafunzi. Huchaguliwa sehemu ya mfereji iliyonyooka, kisha hupimwa upana wake, kina chake, na muda ambao chungwa linaloelea hutumia kupita umbali uliowekewa alama. Kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko yale ya chini, mwendo wa chungwa huzidishwa kwa 0.8 au namba iliyo karibu na hiyo.

Ichukuliwe kwamba mfereji una upana wa mita 2 na kina cha mita 0.3, na chungwa limepita mita 20 kwa sekunde 40. Mwendo wa juu ni mita 0.5 kwa sekunde. Mwendo wa wastani ni 0.5 × 0.8, yaani mita 0.4 kwa sekunde. Kiasi cha maji ni 2 × 0.3 × 0.4 = mita za ujazo 0.24 kwa sekunde, yaani lita 240 kila sekunde.

Namba hiyo ikiandikwa ubaoni penye ofisi ya kijiji, pamoja na zamu za umwagiliaji, vibali vya matumizi ya maji na hesabu ya michango, kila mtu anaweza kuikagua. Wahenga walisema: penye wengi hapaharibiki neno. Asiyekubaliana na namba anaweza kuchukua chungwa lake akapime.

Historia ya Usangu yenyewe inaonyesha umuhimu wa vipimo. Katika miaka ya 1990 watu wengi waliamini kwamba Ruaha Mkuu ulikaushwa na mifugo iliyoingia Ihefu. Mradi wa utafiti uliojulikana kwa kifupi kama SMUWC, uliofanya kazi kati ya mwaka 1998 na 2001, ulionyesha kwamba sababu kubwa ilikuwa ni maji yaliyochepushwa kwenda mashambani wakati wa kiangazi. Hata hivyo, mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi waliondolewa katika bonde hilo pamoja na mifugo yao. Kipimo kisichowafikia wananchi wote kikaeleweka hakina nguvu ya kuzuia lawama.

Mambo yanayohitaji faragha

Lakini si kila jambo lifaalo kutangazwa. Turudi kwenye mfano wa mfereji. Ikiwa juu pamepimwa lita 240 na mwisho wa mfereji pamepimwa lita 90, tofauti ni lita 150. Lita hizo huenda zimetumiwa kihalali na mashamba ya katikati; huenda zimepotea ardhini; huenda pia zimeibwa. Kipimo husema kwamba maji yamepungua. Hakisemi ni nani aliyeyachukua. Kutoka kwenye namba hadi kwenye jina la mtu kuna hatua ya uchunguzi, na hatua hiyo haifanywi kwa kelele.

Kuna makundi matatu ya mambo yanayostahili faragha. La kwanza ni tuhuma ambayo haijathibitishwa. Mtu akitajwa barazani kuwa mwizi wa maji, kisha ikaonekana kwamba hakuiba, aibu yake haifutiki kwa kuombwa radhi.

La pili ni jina la mtoa habari. Wakulima wengi wa Usangu hulima majaruba ya kukodi. Mpangaji anayeona maji yakienda isivyo halali kwenye shamba la mwenye ardhi yake anaweza kukosa shamba msimu ujao endapo atasema hadharani. Hali kadhalika, wapo wanawake na vijana ambao mila huwazuia kuwapinga wazee mbele ya mkutano. Watu wa namna hii wasipopewa mahali pa kusemea, jumuiya hukosa habari za wale walio karibu zaidi na mfereji. Siri ya mtungi aijuaye kata.

La tatu ni usuluhishi. Kiongozi wa mfereji wa juu anaweza kuwa tayari kupunguza saa zake za maji, lakini akitamka hivyo ghafla mbele ya umati, watu wake watamwona kuwa amewauza. Akikaa kwanza na mwenzake wa mfereji wa chini, hupata nafasi ya kukubali kidogo na kuomba kidogo.

Mchezo wa mto na gololi

Upo mfano mzuri wa kuunganisha njia hizi mbili. Kati ya mwaka 2001 na miaka michache iliyofuata, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Chuo Kikuu cha East Anglia cha Uingereza na Taasisi ya Kimataifa ya Usimamizi wa Maji vilishirikiana katika mradi wa RIPARWIN katika bonde la Ruaha Mkuu. Bruce Lankford wa East Anglia alibuni mchezo unaotumia ubao uliolazwa kwa mteremko. Gololi huteremka kama maji ya mto, vijiti hutumika kama mabanio, na mashimo huwa ndiyo mashamba. Wachezaji wa juu hukinga gololi nyingi. Wa chini hubaki mikono mitupu. Mchezo huo ulichezwa na wakulima wa Usangu wenyewe, na ukafuatiwa na majadiliano juu ya namna ya kugawana maji.

Thamani yake kwa somo hili ni kwamba kosa huonekana waziwazi, bila mtu yeyote kushtakiwa. Kinachojadiliwa ni mahali pa mchezaji kwenye ubao, wala si tabia yake. Jambo lenyewe linakuwa la wote, na heshima ya mtu inalindwa.

Hatari za pande zote mbili

Ichukuliwe kwamba usiku mmoja wa Oktoba mlinzi wa zamu, ambaye ni mtu wa kujitolea, amekuta lango la maji limefunguliwa. Akipiga yowe barazani na kumtaja mtu, huenda ndugu wa mtu huyo wakajitoa katika jumuiya. Akiwaambia viongozi wawili tu, nao wakamaliza jambo hilo kimyakimya, wanachama watasema kwamba kamati inawalinda rafiki zake, na mwezi ujao hakuna atakayekubali kulinda zamu. Kwa njia zote mbili, anayepata hasara ni mkulima wa mwisho, ambaye mpunga wake umekauka.

Njia iliyo bora ina hatua tatu. Kwanza, tukio lenyewe hutangazwa bila jina: lango fulani lilikutwa wazi usiku fulani, na maji yalipungua kwa kiasi fulani. Pili, kamati ndogo, isiyo na ndugu wa mtuhumiwa wala wa mlalamikaji, humsikiliza kila mmoja kwa faragha na kuandika maelezo yao. Tatu, uamuzi na sababu zake hurudishwa mkutanoni: kanuni ipi ilivunjwa, adhabu gani imetolewa, na lini italipwa. Jina la mtoa habari hubaki daftarini. Tena faragha hiyo haina budi kuwekewa siku ya mwisho, ili isigeuke maficho.

Hitimisho

Jumuiya ya kujitolea hudumu kwa kuaminiana. Vipimo, kanuni, fedha na maamuzi ni mali ya wote, na vinastahili kuwekwa ubaoni. Tuhuma, ushahidi wa wanyonge na mwanzo wa suluhu vinastahili chumba kidogo. Kila linaloingia katika chumba hicho lazima litoke likiwa uamuzi unaoweza kuulizwa maswali, kwa maana wanaosubiri maji huko chini hawawezi kupanda hadi kwenye banio kila usiku kuhakikisha.

Maswali na mazoezi

1. Mfereji una upana wa mita 1.5 na kina cha mita 0.4. Chungwa limepita mita 30 kwa sekunde 50. Tafuta kiasi cha maji kwa lita kila sekunde.

2. Taja sababu tatu zinazoweza kupunguza maji kati ya mwanzo na mwisho wa mfereji. Ni kwa vipimo gani zaidi mnaweza kuzitenganisha?

3. Tengenezeni ubao wa mchezo wa gololi darasani. Baada ya duru mbili, wachezaji wa juu na wa chini wabadilishane nafasi. Jadilini kilichobadilika katika maneno yao.

4. Katika klabu ya mazingira ya shule yenu, ni mambo gani yatangazwe ubaoni, na ni yapi yaanzie kwa mwalimu mlezi au kamati? Toeni sababu.