SOPRON, MUJI WA MUPAKANI

Wanafunzi wenzetu, mukifungua karte ya Ulaya mutaona kwamba mupaka wa Hungaria, upande wa magaribi, unaingia ndani ya Austria kama ulimi. Juu ya ule ulimi kuna muji mumoja, jina lake Sopron. Wajerumani wanauita Ödenburg. Zamani sana Waroma waliuita Scarbantia, na sehemu ya ukuta wao inaonekana mpaka leo. Tueleze namna gani ule ulimi ulipatikana.

Katika muji huu walikaa pamoja Wahungaria, Wajerumani, Wakroatia na Wayuda. Sinagogi yao ya zamani, ya mwanzo wa miaka ya 1300, ingali imesimama. Waprotestanti wa Lutheri walifungua lise yao mwaka wa 1557. Wajerumani wengi walikuwa walimaji wa mizabibu, na katikati ya mizabibu walipanda maharagi. Njo maana waliitwa Poncichter, ni kusema wapanda-maharagi! Katikati ya muji kuna munara wa urefu wa karibu metre 60. Mulinzi alikaa juu, akiona moto anapasha watu habari. Lakini moto mukubwa wa 1676 uliunguza hata munara wenyewe, wakaujenga tena.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Kisha vita ya 1914-1918 Hungaria ilishindwa, na mapatano ya amani yalitoa upande wake wa magaribi kwa Austria, sababu watu wengi kule walisema Kijerumani. Mwaka wa 1921 polisi ya Austria ilipokuja kuingia, vikundi vya Wahungaria wenye bunduki viliifukuza. Basi Italia ikawaita wote wawili Venezia, wakapatana hivi: watu wa Sopron na wa vijiji 8 vya karibu wajichagulie wenyewe kwa kura.

Kura ilipigwa tarehe 14 mpaka 16 Desemba 1921. Katika watu 100, 65 walichagua Hungaria. Ndani ya muji peke yake ilikuwa karibu 73. Vijiji 5 katika vile 8 vilichagua Austria, lakini walihesabu zote pamoja. Austria ililalamika kwamba liste za wapiga kura hazikuwa sawa. Hata hivi tuangalie hesabu: mwaka wa 1910 zaidi kidogo ya nusu ya watu wa muji walisema Kijerumani. Shee tunaona kwamba hesabu kama ile haingewezekana bila Wajerumani wengi kuchagua Hungaria. Lugha ya mama na kura ni vitu viwili. Bunge ya Hungaria ikaupa muji jina la «Muji mwaminifu zaidi», na chini ya munara wakajenga Mulango wa Uaminifu.

Na uaminifu ule ulilipwa namna gani? Mwaka wa 1944 Wayuda wa Sopron walipelekwa Auschwitz. Mwaka wa 1946 serikali ya Hungaria ikafukuza Wajerumani kwa maelfu, ikifuata hesabu ya watu ya 1941: wale waliojiandika Wajerumani wakapakizwa mu treni kwenda Ujerumani. Bila shaka kati yao walikuwamo waliopiga kura ya Hungaria miaka 25 mbele. Mara hii hakuna mutu aliyewauliza. Mizabibu yao ikabaki kwa wengine.

Kisha mupaka ulifungwa kwa miba ya chuma. Tarehe 19 Agosti 1989, kule Sopronpuszta, watu wa pande mbili walifanya karamu ya kula pamoja, na mulango wa mupaka ulipashwa kufunguliwa saa tatu tu. Ghafula wakatokea Wajerumani wa Mashariki, na watoto wao mikononi, wakasukuma mulango. Mukubwa wa askari, Árpád Bella, alikuwa na watu wachache na wakati mufupi sana wa kufikiri. Hakupiga risasi. Siku ile walipita zaidi ya 600.