Kadi ya Sauti au Spika? Uchaguzi wa Chombo kwa Somo la Kusikiliza

Mwalimu anayefundisha somo la kusikiliza kwa kutumia kompyuta hana budi kujiuliza swali moja kabla ya kuwauliza wanafunzi wake lolote: je, wanasikia? Swali hili laonekana dogo, na kwa sababu hiyo aghalabu hurukwa.

Miaka kadhaa iliyopita, wakati wa mazoezi ya kufundisha, nilikaa mstari wa mwisho wa darasa la Kidato cha Kwanza nikimkagua mwanachuo. Somo lilikuwa imla ya maneno. Sauti ya msomaji ilitoka katika kompyuta ya mezani kwa njia ya spika mbili ndogo za plastiki. Madaftari yaliposahihishwa, wanafunzi wa mbele walikuwa wameandika "thamani". Wengi wa nyuma waliandika "samani". Palipotakiwa "sikia" waliandika "fikia". Mwanachuo aliwakemea kwa uvivu, akawaagiza waandike kila neno mara kumi. Mimi niliyekaa pamoja nao nilikuwa nimeandika "samani" vilevile.

Baada ya kipindi nilimwonyesha karatasi yangu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba huenda kompyuta ina kasoro, na kwamba dukani ameshauriwa kununua kadi mpya ya sauti. Fedha ya shule ilitosha kununua kitu kimoja tu: kadi, au spika. Makala hii yaeleza jinsi mwalimu anavyoweza kuamua jambo hilo kwa uhakika, na jinsi uamuzi wenyewe unavyoweza kuwa somo jema kwa wanafunzi.

1. Safari ya sauti

Sauti iliyohifadhiwa katika kompyuta si sauti bado. Ni orodha ndefu ya namba. Kwa utaratibu wa santuri za CD, zilizoanza kuuzwa mwaka 1982, kila sekunde ya sauti huandikwa kwa namba 44,100 kwa upande wa kushoto na nyingine kama hizo kwa upande wa kulia. Kazi ya kadi ya sauti ni kuzigeuza namba hizo ziwe umeme unaopanda na kushuka. Umeme huo ni dhaifu, hivyo hupitishwa katika kikuza sauti, ambacho kwa spika nyingi za kompyuta kimo ndani ya spika yenyewe. Mwishowe spika huugeuza umeme kuwa mtetemo wa hewa: koili ya waya iliyo kwenye uwanja wa sumaku husukumwa mbele na nyuma, nayo husukuma koni ya karatasi au plastiki, na koni husukuma hewa. Muundo huo ulielezwa na Chester Rice na Edward Kellogg wa Marekani mwaka 1925, na msingi wake ungali uleule.

Zamani kadi lilikuwa jambo kubwa. Kompyuta ya IBM iliyotolewa mwaka 1981 iliweza kutoa milio myepesi tu. Mtu aliyetaka muziki ilimbidi anunue kadi na kuichomeka ndani, mathalani AdLib ya mwaka 1987, au Sound Blaster iliyotolewa mwaka 1989 na kampuni ya Creative ya Singapore. Lakini tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 vipande vinavyofanya kazi hiyo vimekuwa vikiwekwa kiwandani juu ya ubao mkuu wa kompyuta. Leo hata kompyuta ya bei nafuu, ikiwa nzima, huzigeuza namba kuwa umeme kwa makosa madogo mno, ambayo sikio haliwezi kuyatambua katika sauti ya msomaji.

Spika haikupata bahati hiyo. Ndani yake kitu chenye uzito lazima kisogee, tena kwa haraka na kwa usahihi. Na kadiri tunavyoidai sauti kubwa ndivyo inavyozidi kukosea. Spika ndogo iliyofunguliwa hadi mwisho huweza kuipotoa sauti kwa sehemu moja au zaidi katika kila mia. Hapo msomaji husikika kama mwenye mafua. Ni sawa na mtu kuteka maji safi ya chemchemi, akayatia katika mtungi safi, kisha akayanywa kwa kata yenye tope. Kubadili mtungi hakumsaidii.

2. Kwa nini konsonanti hupotea kwanza

Wanafunzi wale wa nyuma hawakukosea ovyo ovyo. Irabu zote waliziandika sawasawa. Makosa yao yalikuwa katika s, th na f. Jambo hili lina sababu zake.

Irabu hutamkwa kwa nguvu, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo iko chini ya mitetemo 3,000 kwa sekunde. Konsonanti za mkwaruzo ni hafifu, na nguvu ya s iko zaidi juu ya mitetemo 4,000. Simu za waya za zamani zilipitisha mitetemo iliyo baina ya 300 na 3,400 tu, ndiyo maana mtu alipotaja jina lake katika simu alilazimika kusema, "S ya Salima, si F ya Fatuma." Spika duni iliyo mbali na msikilizaji hulifanya darasa kuwa kama simu hiyo.

Tena sauti nyembamba husafiri mbele ya spika kama mwanga wa tochi. Aliye pembeni hupata kidogo. Na umbali nao hupunguza. Nguvu ya sauti inayomfikia msikilizaji moja kwa moja hupungua mara nne kila umbali unapoongezeka maradufu. Aliye mita 8 kutoka kwenye spika hupata sehemu moja katika 16 ya ile anayoipata aliye mita 2. Kinachomfikia zaidi ni mwangwi wa kuta, pamoja na makelele ya viti na ya uwanjani. Katika mchanganyiko huo irabu huokoka, lakini "zana" na "dhana", "saba" na "shaba", "sumbua" na "fumbua" huwa hazitofautiani tena.

3. Majaribio matatu yasiyo na gharama

Kanuni ya kutafuta kasoro ni moja: badili jambo moja tu kwa wakati mmoja, mengine yote yabaki kama yalivyo. Anayebadili kadi na spika kwa pamoja hatajua ni kipi kilichomfaa.

Jaribio la kwanza. Ziondoe spika, uweke visikizio vya masikioni kwenye kompyuta ileile, kwa rekodi ileile. Sauti ikiwa safi, kadi haina hatia. Ikiwa bado mbaya, endelea kuichunguza.

Jaribio la pili. Zichomeke spika zilezile kwenye chombo kingine, kama vile simu ya mkononi yenye tundu la visikizio, ukiipigisha rekodi ileile. Zikikwaruza huko pia, kasoro ni ya spika. Zikiwa safi huko na mbaya kwenye kompyuta, hapo ndipo kadi inaposhukiwa.

Jaribio la tatu. Isikilize rekodi nyingine iliyo nzuri kwenye kompyuta ileile. Huenda rekodi yako ya kwanza ilibanwa mno ili iwe nyepesi, na sauti nyembamba zikatupwa. Ikiwa ni hivyo, kadi wala spika haitarudisha kilichokwisha kutupwa.

Katika shule niliyoitaja tulifanya majaribio haya saa ya mapumziko. Kwenye visikizio, "thamani" ilisikika kama thamani. Kwenye simu, spika zilikwaruza vilevile. Jibu lilipatikana kabla kengele haijalia.

Hata hivyo kadi nayo ina dalili zake. Mlio wa kukwaruza unaobadilika kila kipanya kinaposogezwa, au mchakacho unaosikika kwenye visikizio hata pasipokuwa na sauti inayopigwa, huonyesha kwamba umeme wa ndani ya kompyuta unaingilia njia ya sauti. Kabla ya kununua lolote, jaribu tundu la nyuma badala ya lile la mbele. Dawa inayofuata ni kadi ndogo ya nje inayochomekwa kwenye tundu la USB. Si lazima kuifungua kompyuta. Lakini mvumo mzito usiokoma, unaosikika kwenye spika na kutoweka kwenye visikizio, mara nyingi hutokana na nyaya na soketi za umeme. Anza kwa kuchomeka kompyuta na spika kwenye soketi za mahali pamoja.

4. Hesabu ya wati

Mwalimu akishaamua kununua spika, hukutana na maandishi ya kwenye boksi. Spika ya ukubwa wa ngumi huandikwa wati 300, pamoja na herufi PMPO. Namba hiyo haina kipimo kilichokubaliwa, na mwenye kiwanda aweza kuandika apendavyo. Namba ya kutafuta ni ile yenye herufi RMS, ambayo hueleza nguvu inayoweza kutolewa mfululizo.

Wanafunzi waweza kuugundua udanganyifu huu kwa hesabu. Ikiwa spika hupata umeme wake wote kutoka kwenye tundu la USB la kawaida, lenye volti 5 na ampia 0.5, basi inaingiza wati 5 × 0.5 = 2.5 tu. Chombo hakiwezi kutoa mfululizo nguvu kuliko ile kinayoingiza. Wati 300 zimetoka wapi?

Ifahamike pia kwamba kuzidisha wati maradufu hakuzidishi usikivu maradufu. Ili sauti ionekane masikioni kuwa imekua mara mbili, huhitajika takriban wati mara kumi. Kwa hiyo kuisogeza spika karibu na wasikilizaji mara nyingi hufaa kuliko kununua iliyo kubwa zaidi. Iinuliwe ifike usawa wa masikio ya waliokaa, ielekezwe katikati ya darasa, isiwekwe sakafuni wala kugeuzwa ukutani. Na mvua inapopiga juu ya bati, mwalimu aahirishe imla. Hakuna spika ya darasani itakayoishinda.

5. Andalio la somo

Darasa: Kidato cha Pili, au wanachuo wa mwaka wa kwanza. Muda: vipindi viwili vya dakika 40.

Madhumuni: Mwanafunzi aweze (a) kutaja hatua za safari ya sauti; (b) kutafuta kasoro kwa kubadili jambo moja moja; (c) kutoa uamuzi wa ununuzi akiuunga mkono kwa ushahidi.

Zana: Kompyuta, spika za aina mbili, visikizio, simu moja, kitambaa cha pazia, rekodi ya maneno 20 yanayokaribiana kwa sauti, futi ya kupimia.

Utangulizi: Mwalimu apige maneno matano kwa spika duni. Kila mwanafunzi aandike anachosikia, pamoja na umbali wake kutoka kwenye spika.

Hatua ya kwanza: Makosa yahesabiwe mstari kwa mstari na kuchorwa ubaoni. Mwalimu aulize: je, wavivu wote wamekaa mstari mmoja?

Hatua ya pili: Vikundi vifanye majaribio matatu yaliyoelezwa juu na kuandika matokeo kabla ya kujadiliana.

Hatua ya tatu: Spika za aina mbili zifichwe nyuma ya pazia, na maneno mengine yapigwe kwa kila moja kwa sauti ya kiwango kimoja. Pazia ni muhimu, kwani ajuaye kwamba chombo ni kipya na cha bei kubwa hukisikia kuwa kizuri hata kabla hakijalia.

Tathmini: Kila kikundi kimwandikie mkuu wa shule barua ya kurasa moja kikipendekeza kipi kinunuliwe. Barua isiyo na matokeo ya jaribio isipewe alama zaidi ya nusu.

6. Kadi inapostahili kutangulizwa

Haifai kuifanya kanuni hii kuwa msahafu. Kadi ya sauti hupokea pia, haitoi tu. Mwalimu anayetaka kurekodi matamshi ya wanafunzi ili wajisikilize atategemea upande huo wa kupokea, ambao katika kompyuta nyingi ndio ulio hafifu na wenye mchakacho. Kwake yeye kadi ya nje yenye tundu la maikrofoni, au maikrofoni inayochomekwa moja kwa moja kwenye USB, yaweza kuwa na faida kuliko spika. Hivyo swali la kwanza ni hili: kazi yenyewe ni ipi?

Hitimisho

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo humwonya anayetafuta kisingizio cha kutolima. Haimkatazi mkulima kulitazama jembe lililopinda. Katika somo la kusikiliza, chombo kibovu hakionekani kwa macho. Kinachoonekana ni daftari lenye makosa, na mwenye daftari ndiye anayeadhibiwa. Mwanachuo yule aliyarudia maneno yaleyale juma lililofuata, kwa spika aliyoazima na kuiweka katikati ya darasa, kisha akawaomba radhi wanafunzi wa nyuma. Kila mwalimu na akae mstari wa mwisho walau mara moja, kalamu mkononi, aandike imla yake mwenyewe kabla ya kumsahihisha mtu.

Maswali ya kujadili

1. Visikizio ni safi kwenye kompyuta, na spika ni safi kwenye simu, lakini spika hizohizo huvuma zikiwekwa kwenye kompyuta. Utachunguza nini kwanza?
2. Tunga jozi kumi za maneno ya Kiswahili yanayotofautiana kwa konsonanti moja ya mkwaruzo.
3. Spika imeandikwa wati 1,000 PMPO, na adapta yake ni ya volti 12 na ampia 2. Inaingiza wati ngapi kwa wingi? Utamwambia nini muuzaji?