Video za Muziki Mtandaoni: Nani Haonekani?



Somo letu la leo linahusu video za muziki ambazo vijana wetu wa Buzwagi na Kahama wanazitazama kila siku kwenye simu zao. Wengine husema ni burudani tu. Sisi tunaona kuwa video pia ni mwalimu. Bila kuhubiri, inatufundisha nani ni mtu wa maana, mwanamke ana thamani gani na mali hupatikanaje.

1. Tuanze na jema
Waimbaji wa Kisukuma siku hizi huweka YouTube nyimbo zenye ngoma, mavazi na lugha ya nyumbani. Msukuma aliye mbali anasikia tena sauti ya kwao. Hilo ni jema, na Kanisa linalithamini. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Liturujia ya mwaka 1963 (SC 119), ulielekeza kwamba mapokeo ya muziki ya watu yapewe heshima yake. Hata kabla ya hapo, Padre David Clement alikuwa ameanza kuingiza sanaa ya Kisukuma katika ibada kule Bujora, karibu na Mwanza.

2. Wingi wa watazamaji
Katika mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi zaidi. Basi kuhesabu watazamaji si jambo geni kwetu. Lakini uwanjani watu wanamfahamu mchezaji: wanajua shamba lake, familia yake, hata madeni yake. Kwenye video hatujui kama gari lile ni lake au limekodiwa kwa siku moja.

3. Dhahabu ya shingoni
Mgodi wa Buzwagi ulianza uzalishaji mwaka 2009, na mwaka 2021 ukafikia mwisho. Sisi tumeshuhudia kwamba dhahabu huisha. Tunajua pia inavyopatikana: kijana anashuka kwenye duara, mawe yanasagwa kwenye karasha, mama anashika zebaki kwa mikono mitupu. Video inatuonesha mkufu tu. Mchimbaji haonekani. Kijana asiye na kazi akitazama kila siku mali isiyo na jasho, mwishowe anajiona ameshindwa maisha. Ndiyo maana Bwana alituonya kwamba uzima wa mtu haumo katika wingi wa mali zake (Lk 12:15).

4. Tufanye nini?
Katazo peke yake halitoshi. Mwaka 2018 BASATA iliufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz, lakini dhamiri ya mtazamaji haifungiwi wala kufunguliwa na ofisi, inalelewa. Mtume Paulo anatutaka tupime mambo yote na kushika lililo jema (1 Thes 5:21). Basi wazazi, makatekista na mafrateri tuketi na vijana, tutazame pamoja, kisha tuulizane:

a) Video hii inamsifu nani, na kwa sababu gani?
b) Mwanamke aliyemo ni mtu mwenye sauti, au ni pambo?
c) Ni nani aliyetoa jasho, naye haonekani?

Tukiwazoesha kuuliza hivyo, hata tusipokuwepo wataendelea kuuliza wenyewe.