Mwalimu na Mwanafunzi: "Alikubali Mwenyewe" Si Utetezi

Mwalimu anapogundulika kuwa na uhusiano wa kimapenzi na mwanafunzi, maneno mawili husikika upesi: "binti mwenyewe alikubali" na "tuyamalize kimyakimya." Tuone sheria za Tanzania zinasemaje.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18. Kwa Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 130, kumwingilia mwanafunzi wa kike wa umri huo ni kubaka, awe ameridhia au hakuridhia. Mvulana naye analindwa dhidi ya vitendo vya aibu. Na binti wa kidato cha sita mwenye miaka 19? Sheria ya Elimu, iliyorekebishwa mwaka 2016, haiulizi umri: anayempa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Imeandikwa "mtu yeyote", kwa hiyo mlinzi, mpishi na dereva wa basi la shule wamo.

Viboko navyo vina mipaka, ingawa shule nyingi huishi kana kwamba havina. Kanuni zinaruhusu visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Mwalimu anayepita darasani na fimbo mkononi hana kibali hicho kwa sababu tu ni mwalimu.

Tunarudi kwenye kuyamaliza kimyakimya. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto kinamtaka kila mwanajamii mwenye ushahidi kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa. Mbuzi na fedha walizopokea wazazi haviifuti jinai. Kumhamishia mwalimu shule nyingine ni kuwapelekea watoto wengine hatari ileile. Kwa shule zetu za Kanisa, kanuni ya 1398 iliyoanza kutumika Desemba 2021 inamgusa pia mlei mwenye wadhifa katika Kanisa, wala haiondoi wajibu wa kwenda polisi.

Mtoto akisimulia, asihojiwe mbele ya kikao cha walimu. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi litoe PF3. Nguo alizovaa zisifuliwe. Namba 116 hupokea taarifa za watoto bila malipo.